Virukanjia wametaga chini ya mikorosho na kufyeka kumekaribia, tufanyeje?

Mkorosho_Tandahimba

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Tandahimba, shamba la mikorosho ekari 6, miti mikubwa iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Tumeingia Septemba, korosho za mwanzo zinakaribia kudondoka, na wiki ijayo vibarua wanaanza kufyeka na kufagia chini ya miti ili korosho zisipotelee kwenye majani.

Chini ya mti mmoja, juu ya majani makavu matupu, hakuna kiota wala vijiti, kuna mayai mawili. Ndege anayeyalalia humwoni mpaka ubakize hatua mbili. Akiruka mbawa hazisikiki, anatua mita kama kumi mbele na kuanza kujipigapiga chini mithili ya aliyevunjika bawa. Usiku hapohapo husikika mluzi wa kutetemeka unaoshuka mwishoni. Kwenye shamba la jirani la mihogo, sehemu iliyochomwa moto mwezi wa nane, kuna wengine wanaokaa chini kwenye njia. Macho yao yanawaka mekundu ukiwamulika, ila hawa hawapigi mluzi, wana mngurumo mrefu usiokatika. Hapa kijijini wote tunawaita kirukanjia.

Naomba wanaowajua ndege hawa wanisaidie. Je, ni aina moja? Mayai yatachukua siku ngapi hadi makinda yaruke? Naweza kuyahamishia mti wa pembeni? Na kama kuna wengine shambani, nitawapataje kabla panga na reki havijawafikia? Sitaki kuchelewesha kazi yote, lakini pia sitaki tuwafagie.

Jicho_la_Usiku

Mkuu, hizo ni aina mbili, na sauti ulizoeleza zimetosha kuwatenganisha.

Huyo wa chini ya mkorosho ni kirukanjia mwenye ukosi wa rangi ya kutu, kitaalamu Caprimulgus pectoralis. Ana urefu wa sm 24 hivi, na uzito wake ni wa gramu hamsini na kitu tu. Nyuma ya shingo ana ukosi mpana wa kahawia nyekundu, na dume akiruka utaona mabaka makubwa meupe kwenye ncha za manyoya ya pembeni ya mkia. Ni ndege wa pori la miti, na shamba la mikorosho iliyokomaa kwake ni pori tosha: kivuli kipo, majani makavu yapo, nafasi ya kuruka chini ya matawi ipo. Huimba akiwa juu ya tawi, zaidi magharibi, alfajiri na usiku wa mbalamwezi.

Wa kwenye mihogo ni kirukanjia mkia-mraba, Caprimulgus fossii. Anakaribia ukubwa uleule, ila anapenda uwazi: nyasi fupi, mashamba yaliyolala, mchanga wa pwani, sehemu iliyopitiwa na moto. Dume ana mstari mweupe unaofuata ukingo mzima wa nje wa mkia, wakati yule wa kwanza weupe wake uko kwenye ncha tu. Jike mahali hapo ana rangi ya chai ya maziwa. Mngurumo wake unaweza kwenda dakika nzima au zaidi, na katikati hushuka au kupanda ghafla kama mashine ya kusaga iliyoongezewa mahindi. Ukisikia badiliko hilo, huna haja hata ya kumwona.

Jinsi anavyoishi ndiyo inayoamua ufanye nini shambani, kwa hiyo niruhusu nirefushe hapa. Ukimtazama kwa karibu utadhani mdomo wake ni mdogo, kumbe kilicho kidogo ni ile ncha tu. Kinywa chenyewe kinapasuka mpaka chini ya macho, na pembeni kimezungukwa na manyoya magumu yaliyosimama. Hula wadudu wanaoruka, na huwameza wazima: nondo, mbawakawa, kumbikumbi, panzi wa usiku. Hawindi kwa kuzungukazunguka angani usiku kucha. Hukaa chini au kwenye kisiki akitazama juu, mdudu akipita mbele ya anga lenye mwanga kidogo anaruka, anamdaka, anarudi palepale. Ndiyo maana anapenda njia na sehemu zilizo wazi, kwa sababu pale anaona anga bila kuzuiwa na nyasi. Miguu yake ni mifupi na dhaifu, hatembei kwa maana ya kutembea, hujisogeza tu. Ukucha wa kidole cha kati una meno madogo ya kitana, na hutumika kujisafishia manyoya.

Kwa kuwa anategemea macho, mwezi unamtawala. Siku za giza hula kwa nguvu katika ile saa moja baada ya jua kuzama na nyingine kabla ya kucha. Siku za mbalamwezi anaweza kuwinda usiku mzima. Utafiti uliofanyika Zimbabwe ulionyesha kwamba hata kutaga kwa huyu mwenye ukosi wa kutu kunafuata mzunguko wa mwezi, na ni jambo la maana ukikumbuka kwamba makinda yanahitaji wazazi wanaoweza kuwinda muda mrefu.

Kuhusu siku: mayai huwa mawili, mara chache moja. Kuatamia ni siku 16 hadi 18 hivi. Mchana karibu kila mara anayelala juu yake ni jike. Dume hushika zamu usiku. Kinda hutoka na manyoya laini na macho wazi, na baada ya siku chache tu linaweza kurukaruka kumfuata mzazi anayeliita. Kuruka angani huanza kati ya wiki mbili na nusu na wiki tatu. Kwa hiyo hata kama mayai yametagwa jana, unahesabu wiki tano na nusu kwa ukarimu. Kama yana siku kumi tayari, wiki nne zinatosha. Huku kusini msimu wa kutaga ni Agosti hadi Novemba, mwisho wa kiangazi, na umegongana na usafi wa mikorosho kama unavyoona.

Kuhamisha mayai, jibu ni hapana. Ndege huyu hakumbuki mti, anakumbuka mahali. Hata mita tano ni mbali kwa yai, na ukiyaweka chini ya mti wa pili atarudi kukaa pale yalipokuwa.

Tena usimtimue adhuhuri ili uyapige picha. Mchanga au majani yaliyopigwa na jua la Oktoba hupita nyuzi 50, na yai lililoachwa wazi hapo huharibika kabla hajarudi. Yeye hakai pale kuyapasha joto tu, kwa saa nyingi za mchana anayawekea kivuli.

BwanaShamba_Masasi

Naunga mkono yote ya Jicho la Usiku, niongezee upande wa shamba.

Ndugu wa Tandahimba, kazi yako haina haja ya kusimama. Unachotakiwa ni kuwatafuta ndege kabla ya kibarua wa kwanza, na kubadili mpangilio wa kufyeka. Kuwatafuta mchana ni kupoteza muda, maana rangi yao inakushinda na kila utakayemwona utakuwa umeshamtimua. Watafute usiku kwa macho yao.

Chukua tochi ya kichwani, au ya mkononi uishike usawa wa jicho lako, karibu na sikio. Hilo watu wengi hukosea: ukishika tochi kiunoni mwanga unaorudi kutoka kwenye jicho la ndege hauji kwako, unapita chini yako. Anza nusu saa baada ya jua kuzama. Huku Septemba jua linazama saa 12 na robo jioni hivi, kwa hiyo saa 1 kasorobo uwe umeshaingia. Tembea katikati ya mistari miwili ya miti, taratibu, na kila baada ya hatua kumi simama, umulike chini ya miti ya kushoto halafu ya kulia. Jicho la kirukanjia hurudisha mwanga mwekundu au wa chungwa, jicho moja kubwa kama amekaa ubavu. Buibui nao hung'aa, lakini wao ni vidoa vidogo vya kijani au vyeupe na viko vingi.

Sasa, jicho peke yake si kiota. Usiku ndege wengi wapo kwenye mawindo. Anayeatamia utamjua kwa kuwa hukaa tu hata ukisogea mpaka mita tatu, na kesho yake jioni atakuwa palepale. Rudia jioni mbili mfululizo. Ukimkuta mahali pamoja jioni zote mbili, funga kitambaa kwenye tawi la mti, upande wa nje unaotazama njia, usiweke kijiti wala jiwe karibu na mayai. Kunguru na nguchiro hujifunza haraka, na alama iliyosimama karibu na mayai huwavutia. Njia uliyokanyaga moja kwa moja hadi kiotani nayo humwongoza mbwa. Pita kando, usifike, geuka.

Kwa mti wenye kiota acha duara la mita tano kutoka kwenye mayai bila kufyeka wala kufagia. Kwa nafasi ya 12 kwa 12 maana yake unaacha mti mmoja tu, labda na kipande cha wa pili. Miti mingine yote fyeka kama kawaida, ila anza na ile ya mbali na umalizie ya jirani. Wafanyakazi wasifanye kituo cha kula wala kuweka maji karibu na huo mti. Kinachomfukuza jike moja kwa moja ni watu kukaa saa nzima mahali pamoja, wapitao tu huwavumilia.

Korosho zitakazodondoka ndani ya duara hilo hazijapotea. Okota za pembeni, za katikati ziache mpaka makinda yaruke. Kiangazi bado kipo, korosho iliyokaa chini kwenye majani makavu wiki tatu bila mvua haiharibiki ubora. Hatari kwa korosho iliyolala chini ni unyevu, na mvua zetu za kuaminika ni za kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba. Mti mmoja kati ya mia moja na zaidi kwa mwezi mmoja hivi, sioni mkulima wa kulalamikia hilo.

Upande wa dawa: salfa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) mnayopuliza kuanzia Juni mara nyingi imekwisha wakati huu, na salfa yenyewe si sumu kali kwa ndege, ingawa mashine ikipita usiku huwatimua. Ninayoihofia ni dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Inaua wadudu wa kila aina, wakiwemo nondo na mbawakawa wanaolisha makinda. Kagua machipukizi kwanza, puliza miti iliyoshambuliwa, achana na tabia ya kupuliza shamba zima kwa kuwa jirani kapuliza. Hapo unaokoa na fedha.

Na usimtegemee kirukanjia akutibie mikorosho. Mbu wa mikorosho hushambulia machipukizi huko juu kwenye majani, ndege huyu anadaka wanaoruka usiku kwenye uwazi. Tunamlinda kwa sababu ni wa hapa na hana pengine pa kutagia mwezi huu, hiyo inatosha.

Mama_Ufuta_Ruangwa

Asanteni sana kwa elimu hii. Naomba kuuliza mawili. Kwenye mashamba ya ufuta tuliyovuna mwezi wa saba kuna ndege wa chini wanaotembea usiku, miguu mirefu, macho makubwa ya manjano, na kelele nyingi mwezi ukiwaka. Huyo naye ni kirukanjia? La pili, kuna wanaosema ndege huyu akitua mbele ya mlango usiku ametumwa, na vijana wanampiga mawe. Nini kinamleta mlangoni?

Jicho_la_Usiku

Dada Mama Ufuta, huyo mwenye miguu mirefu ni chekeamwezi. Ni mkubwa zaidi, karibu mara mbili kwa urefu, anasimama na kukimbia, na chakula chake hukiokota ardhini. Kirukanjia hutamwona amesimama wima hata siku moja, tumbo lake hugusa ardhi. Ukikuta ndege mdogo wa mviringo anayechomoka miguuni mwako kwa kelele ya mbawa na kutua tena nyasini, huyo ni tombo. Kirukanjia akichomoka ni kimya kabisa.

Kuhusu mlango: kinachomleta ni taa. Balbu ya nje hukusanya nondo na kumbikumbi, na uwanja uliofagiwa unampa mahali pa kukaa akiangalia juu. Zima taa ya nje au iwekee kivuli mwanga uende chini, wadudu watapungua na yeye atahama usiku huohuo. Waambieni vijana hivyo, na waambieni pia kwamba kuua au kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kwa kuwa mko Ruangwa na Masasi, ongezeni wengine watatu kwenye orodha. Kwenye majabali yuko kirukanjia wa mawe, Caprimulgus tristigma, mweusi wenye vidoa, ambaye hutaga juu ya mwamba mtupu, na sauti yake ni mbweko wa silabi mbili unaorudiwarudiwa. Milima ya mawe iliyouzunguka mji wa Masasi ni makazi ya namna anayoipenda. Kwenye miombo, kuanzia Septemba, jua likizama sikilizeni na mtazame kama yupo kirukanjia mwenye mapeperushi, Caprimulgus vexillarius. Dume wake wakati wa kuzaliana huota unyoya mmoja mrefu sana katika kila bawa, unaoweza kupita nusu mita, unaopepea nyuma yake anaporuka. Sauti yake ni nyembamba sana, rahisi kuidhania ya nyenje. Baada ya kuzaliana manyoya hayo hudondoka, na ndege wote huhama kuvuka ikweta kwenda savana za kaskazini, wakarudi mwaka unaofuata. Ukiokota unyoya mwembamba mrefu, mweupe kiasi, kwenye njia ya pori mwezi wa kwanza, ndio huo.

Wa tatu ni mgeni kutoka Ulaya na Asia, Caprimulgus europaeus, anayekaa Afrika wakati wa baridi ya kwao, karibu Novemba hadi Machi. Huyu ni mkubwa kidogo, hana ukosi wa kutu, hupumzika mchana akiwa amelala kwa urefu juu ya tawi, na huku kwetu kwa kawaida haimbi.

Dereva_wa_Liwale

Niongeze la barabarani kwa sababu huko ndiko wanakokufa wengi, na wengi wanauawa na watu wasiotaka kuwaua.

Kirukanjia akipigwa na taa kubwa haoni kitu. Hukaa mpaka gari libakize mita chache halafu anaruka wima, sawasawa na usawa wa kioo cha gari au kifua cha mwendesha bodaboda. Kupiga honi hakusaidii. Kinachosaidia ni kushusha taa ziwe fupi mara uonapo macho mekundu mbele, na kupunguza mwendo hadi kilomita 30 au 40 kwa saa. Taa zikishuka anaona tena, na anaondoka kwa upande badala ya kuelekea juu. Usiku unaofuata mvua za kwanza, kumbikumbi wakitoka, barabara za vumbi hujaa ndege hawa. Usiku huo ni wa kwenda polepole safari nzima. Wenye bodaboda wavae kofia yenye kioo na wakishushe. Gramu 50 zinazokuja usoni kwa mwendo wa 60 ni ajali.

Ukimkuta amepigwa lakini yuko hai: mwokote kwa kitambaa kwa kumkumbatia mbawa zote mbili, usimshike mkia, manyoya yake hung'oka kirahisi sana. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa chini na matundu, lifunike, liwe gizani na kimya. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye njia ya hewa. Usimpe wali, mkate wala mahindi. Hata wadudu ukimwekea kwenye sahani hatakula, kwa sababu hajui kuokota, amezoea kudaka hewani. Wengi wao wamepata mshtuko tu na huamka baada ya saa moja au mbili. Kama ni usiku bado, mpeleke mita 50 au zaidi kutoka barabarani, mweke chini kwenye uwazi, ondoka. Kama kumekucha, msubirishe ndani ya boksi hadi magharibi. Aliyevunjika bawa wazi wazi apelekwe kwa daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori ya wilaya siku hiyohiyo.

Aliyekufa naye ana faida. Mpige picha kabla hajakanyagwa tena: bawa likiwa limefunguliwa lote, mkia umekunjuliwa kama kipepeo cha jikoni, kifua, na rula au sarafu pembeni kwa kipimo. Andika tarehe, saa, mahali na hali ya mwezi. Mwaka 1990 bawa moja la kirukanjia aliyekufa barabarani liliokotwa kwenye nyika ya Nechisar huko Ethiopia. Lilipolinganishwa na aina zote zinazojulikana halikufanana na yoyote, na mwaka 1995 likatangazwa kuwa ni aina mpya, Caprimulgus solala. Aina nzima ilijulikana kwa bawa moja la barabarani. Kusini mwa Tanzania rekodi za ndege wa usiku ni chache, kila picha yenye tarehe na mahali inaongeza kitu. Zipeleke eBird au Tanzania Bird Atlas, wanaokusanya kumbukumbu za ndege walioonekana.

Mkorosho_Tandahimba

Nashukuru sana wakuu. Kwa njia ya tochi jioni mbili nimepata miti mingine miwili yenye ndege asiyehama, na kitambaa kimeshafungwa. Kwenye ule wa kwanza mayai yameanguliwa, lakini leo asubuhi makinda yako mita nne kutoka pale yalipokuwa, karibu na mpaka wa duara. Je, nihamishe duara? Na jirani wa mihogo anataka kuchoma masalia ya shamba kabla ya kuandaa. Mkia-mraba wako pale. Nimwambieje?

Jicho_la_Usiku

Hiyo ni kawaida kabisa. Mzazi huita akiwa pembeni, makinda yanamfuata, na kila siku wanaweza kulala mahali pengine. Ni ulinzi wao: harufu na kinyesi havikusanyiki mahali pamoja. Hamisha duara, lifuate kinda, usilirudishe kinda kwenye duara. Kila asubuhi kabla ya kazi mtu mmoja, yuleyule, apite nje ya mti na kuangalia wako wapi. Kinda hujibana chini na kufumba macho likabaki ufa mwembamba, kwa hiyo mtafute mama kwanza, makinda yako chini ya kifua chake au sentimita chache mbele yake. Yakifikia wiki ya tatu utaona yanaruka mita chache na kutua vibaya. Hapo kitambaa kinaweza kutoka baada ya siku kadhaa.

BwanaShamba_Masasi

La moto ndilo kubwa kuliko yote yaliyosemwa hapa. Panga linaacha nafasi ya kukwepa. Moto wa kiangazi unaopita na upepo hauachi, na ndege huyu silika yake ni kujibana chini hatari ikija. Yai haliponi, kinda haliponi.

Mwambie jirani asichome shamba zima kwa kulitia moto upande mmoja. Akusanye masalia kwa reki kwenye marundo ya upana usiozidi mita mbili, yakae kwenye udongo mtupu katikati ya shamba, mbali na pembezoni zenye nyasi. Kuzunguka kila rundo akwangue udongo upana wa mita tatu mpaka pasibaki jani. Kukusanya kwenyewe ndiko kutakakowaonyesha ndege, kwa sababu watu wanatembea mstari kwa mstari. Akiruka mmoja na kujifanya kavunjika, wote wasimame palepale, watazame chini mbele ya miguu yao, mayai yako ndani ya mita mbili. Ya mkia-mraba yana rangi ya waridi iliyofifia yenye mawimbi ya kahawia na kijivu, na kwenye ardhi iliyoungua yanaonekana kirahisi kuliko yale ya kwenye majani. Hapo rundo lisogezwe angalau mita 20, upande ambao moshi hautapita juu yao.

Marundo yasilale usiku mmoja kabla ya kuchomwa bila kukaguliwa tena, maana nguchiro, panya na hata kinda linalohama huingia kwenye kivuli chake. Yapinduliwe kwa uma au kijiti kirefu asubuhi ileile. Kuchoma kuanze asubuhi na mapema, umande ukiwa bado na upepo haujaamka. Huku kwetu upepo wa pwani huanza kuchanganya kuanzia saa 4 asubuhi. Rundo moja moja, watu wawili, ndoo mbili za maji na matawi mabichi ya kupigia. Kama kuna kinda lililokwama kwenye njia ya moto na hakuna la kufanya zaidi, hapo tu ndipo mtu alibebe kwa kiganja hadi kivulini, mita kumi hadi kumi na tano, upande uleule ambao mama ametua, aliweke na kuondoka. Mama ataliita.

Kama jirani hana haraka ya jivu, njia iliyo bora zaidi ni kutochoma kabisa: vijiti vya mihogo vikatwe urefu wa mkono na kupangwa kwenye mstari wa mpaka, majani yatandazwe chini yaoze mvua ikianza. Udongo wa kichanga wa huku unahitaji mboji hiyo. Na kama ameshaamua kuchoma na upepo ukaamka katikati ya kazi, rundo linalofuata lisubiri kesho asubuhi.